Ndoa Ikivunjika, Je, Makazi Nayo Yavunjike?

Swali ninaloliweka mbele yako leo si geni kwa yeyote mwenye jamaa ng'ambo, ijapokuwa ni nadra kuandikwa katika kurasa kama hizi. Mtu ameingia katika nchi ya watu kwa njia ya ndoa, akiwa ameitwa na mwenzi wake mwenye haki ya kuishi humo. Akakaa, akafanya kazi, pengine akazaa. Kisha ndoa ikavunjika. Je, ni haki kwamba pamoja na kumpoteza mume au mke apoteze pia ruhusa ya kuishi pale alipo? Na yule aliyemwita, je, anayo haki ya kuishika ruhusa hiyo mkononi mwake, akifungua na kufunga apendavyo?

Wako watakaosema kwamba hilo ni jambo la mawakili na maofisa wa uhamiaji, wala halihusu dini wala tabia njema. Mimi pia niliwahi kudhani hivyo, na dhana yangu hiyo ilimgharimu mtu mwingine. Kwa hiyo yanipasa nianze na kosa langu mwenyewe kabla ya kusema habari za makosa ya serikali.

Miaka kadhaa iliyopita, huku Uingereza ninakofundisha katika chuo cha dini, alinijia bibi mmoja baada ya sala ya Ijumaa. Alitoka mwambao wa Afrika Mashariki, na mumewe alikuwa mkazi wa huku wa siku nyingi. Tulikaa sebuleni kwangu, mke wangu akiwapo. Alinieleza kwa maneno machache kwamba nyumbani hakuna amani, kwamba ujira anaoupata kwa kuwahudumia wazee huchukuliwa wote, na kwamba kila akiuliza hujibiwa, "Nitawaandikia Uhamiaji." Maneno hayo ya mwisho niliyasikia kama mtu asikiavyo ngurumo ya mvua iliyo mbali, isiyomhusu. Nikashika lile nililolijua: nikamweleza habari za subira na thawabu zake, na jinsi talaka ilivyo jambo la mwisho kabisa. Alinisikiliza kwa adabu, akaaga, akarudi kule kule alikotoka.

Miezi mingi baadaye mke wangu alikutana naye na kumwuliza kwa nini hakurudi tena kwetu. Akamjibu hivi: "Shehe alinipa subira, nami subira nilikuwa nayo. Nilikuja kuuliza nikitoka mle nyumbani nitakuwa nani katika nchi hii."

Sikupata kumsikia mumewe, wala simhukumu. Lakini swali la bibi yule lilikuwa wazi, nami sikulisikia kwa kuwa sikujua mambo yalivyo. Basi kwanza tuyafahamu, kwani anayehukumu bila kujua mambo hudhulumu hata akiwa na nia njema.

Katika sheria za Uingereza mume au mke aliyeitwa kutoka nje hupewa ruhusa ya miezi 33. Huiongeza kwa miezi mingine 30, na akitimiza miaka 5 ndipo anapoweza kuomba ukaazi wa kudumu. Haikuwa hivyo zamani: hadi mwaka 2003 muda huo wa majaribio ulikuwa mwaka 1, kisha ukafanywa miaka 2, na Julai 2012 ukafanywa miaka 5. Kwa muda huo wote mtu hulipa kodi kama wenzake, lakini kwa kawaida hana haki ya kupata msaada wa fedha za umma. Na ruhusa yake yote husimama juu ya nguzo moja, kwamba uhusiano wake na mwenzi wake ni wa kweli na ungali unaendelea. Uhusiano ukiisha, nguzo imeondoka. Idara ya uhamiaji yapasa kuarifiwa, nayo yaweza kuifupisha ruhusa yake, mara nyingi zikabaki siku 60, ili mtu huyo aondoke au aombe kubaki kwa sababu nyingine. Mzazi wa mtoto aliye raia, kwa mfano, anayo njia yake ya kuomba.

Hapa pana jambo ambalo Mwislamu hawezi kulipita bila kusimama. Wenye kuachana huku huhesabiwa siku kwa kalenda tatu, na kalenda hizo hazijuani. Ya kwanza ni eda, ambayo kwa mwanamke apataye hedhi ni hedhi tatu, yaani kiasi cha miezi mitatu. Ya pili ni ya mahakama: tangu Aprili 2022, katika England na Wales, ombi la talaka huchukua wiki 26 kwa uchache, wala haliwezi kupelekwa kabla ndoa haijatimiza mwaka. (Talaka iliyotamkwa sebuleni London haivunji ndoa inayotambuliwa na sheria ya nchi, na hili wengi wetu hulifahamu wakiwa wamekwisha chelewa.) Ya tatu ni ya uhamiaji, nayo yaweza kuwa zile siku 60. Tazama basi hesabu hii: mwanamke anaweza kuwa bado yumo ndani ya eda, na mahakama bado inamwita mke wa fulani, naye tayari amekwisha ambiwa afunge mizigo yake.

Sasa fungua Sura ya Talaka katika Kurani Tukufu. Mume amekatazwa kumtoa mkewe nyumbani wakati wa eda, ila kwa kosa kubwa lililo dhahiri (65:1), na ameamrishwa amkalishe pale pale anapokaa yeye kwa kadiri ya uwezo wake, wala asimtaabishe ili ahame (65:6). Mwenyezi Mungu anajua kwamba ndoa yaweza kufikia mwisho, na ameruhusu mwisho huo. Asichoruhusu ni kwamba siku ya mwisho wa ndoa iwe ndiyo siku ya kutupwa njiani. Kati ya kuachana na kuondoka ameweka muda, na katika muda huo ameweka nyumba. Ni kweli kwamba amri hiyo ilielekezwa kwa waume, haikuelekezwa kwa idara za serikali. Lakini huku ng'ambo nyumba ina milango miwili, mmoja ni wa mume na mwingine ni wa nchi. Mume aliyeuacha wazi mlango wake, huku akiharakisha kwenda kuufungisha ule wa pili, je, ameitii aya au ameizunguka? Kwa maoni yangu ameizunguka.

Lakini tusiionee serikali. Je, nchi inakosea inapotaka kujua kama ndoa ni ya kweli? La hasha. Ndoa za uongo zipo. Ziko zilizonunuliwa kwa fedha na ziko zilizofungwa kwa hila, na wanaoumia kwanza ni wale waliooana kwa kweli, kwani wao ndio wanaotazamwa kwa jicho la shaka. Ni kwa sababu hiyo Marekani iliweka sheria mwaka 1986 kwamba aliyeingia kwa ndoa changa apewe ukaazi wa sharti wa miaka 2, na katika siku 90 za mwisho wa muda huo mume na mke watie sahihi ombi moja kwa pamoja ili sharti liondolewe. Uingereza nayo ilikuwa na kanuni iliyowataka wanandoa wathibitishe kwamba shabaha yao kubwa katika kuoana haikuwa kuingia nchini. Kanuni hiyo ilifutwa mwaka 1997, na ni ajabu kwamba ilidumu siku nyingi hivyo, maana ni nani awezaye kuthibitisha lililokuwa si shabaha ya moyo wake?

Kupima si kosa. Waumini wa Madina walipojiwa na wanawake waliohama kutoka kwa waume zao wa Makka, waliamrishwa wawachunguze (60:10). Lakini usiishie hapo, soma aya hiyo mpaka mwisho wake. Ikijulikana kwamba wanawake hao ni wakweli, wasirudishwe, na waume zao warudishiwe mahari waliyoyatoa. Ndugu msomaji, zingatia jambo hilo. Mume alikuwa na dai, nalo dai lake halikupuuzwa, alilipwa mali yake. Ila makazi ya mwanamke katika mji ule hayakuhesabiwa kuwa sehemu ya mali hiyo. Alichunguzwa yeye, kwa ukweli wake yeye, na alipokubaliwa alikubaliwa kwa nafsi yake. Mume aliyebaki Makka hakuwa na uzi wa kumvuta nao.

Kwa hiyo ninaloliona kuwa kosa katika kanuni nyingi za leo ni kwamba kipimo chenyewe kimekabidhiwa kwa mwanandoa mmoja. Serikali inataka kujua kama ndoa ni ya kweli, kisha inamfanya mmoja wa wahusika kuwa mlinzi wa lango. Nguvu hiyo hakuiomba, na pengine wakati wa harusi hakuijua, lakini imo mfukoni mwake. Wenzetu walioko Ghuba wanaijua hali hiyo kwa jina jingine. Mfanyakazi asiyeweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila idhini ya kafili wake yumo katika mkono wa kafili, hata kama kafili ni mtu mwema. Oman iliondoa sharti la idhini hiyo Januari 2021 kwa mfanyakazi aliyemaliza mkataba wake. Wema wa mtu ni jambo zuri, lakini haifai haki ya mwenzake itegemee wema huo peke yake.

Hebu sasa tumtazame mwenye kushika ruhusa, kwani huenda ni wewe usomaye, au ni ndugu yako. Ndoa imekushinda, na sheria inataka uhamiaji waarifiwe. Je, uandike? Wengine husema kwamba kuandika ni ukatili, wengine husema kwamba kunyamaza ni kuficha ukweli. Mimi naona kipo kipimo chepesi cha kuijua nia yako. Jiulize: kama leo angekubali unalolitaka, yaani akakupa mshahara wake, akaacha kumtembelea dada yake, akarudi chumbani kwako, je, barua hiyo ungeiandika? Ikiwa ungeiandika vile vile, kwa kuwa ndoa imekwisha na huwezi kusema kwamba ipo, basi barua yako ni ushahidi, nawe unatimiza wajibu. Lakini ikiwa barua ingerudi mfukoni mara tu anapotii, basi haikuwa ushahidi hata kidogo. Ilikuwa bei. Na Kurani Tukufu imekwisha kataza kumshikilia mke kwa ajili ya kumdhuru (2:231). Zamani mume mwenye nia mbaya alimtaliki mkewe, akamrejea eda ilipokaribia kwisha, akamtaliki tena, ili asiwe mke wala asiwe huru. Barua isiyoandikwa wala isiyochanwa hufanya kazi hiyo hiyo.

Wala usiseme, "Mimi ndimi niliyemleta, niliyelipa ada na tikiti." Gharama ulizotoa kwa ajili ya mkeo hazikununua miaka yake. Ikiwa lipo deni, lidai kama deni. Hata mahari, ambayo mke hurudisha anapojivua mwenyewe katika ndoa, hayakuwahi kuwa bei ya pale anapokanyaga.

Sasa nirudi kwetu washauri, yaani masheikh, wazee na mashangazi. Neno lililozoeleka midomoni mwetu ni hili: "Vumilia mpaka upate makaratasi." Hata mimi, ingawa sikulitamka kwa maneno hayo, ushauri wangu kwa yule bibi ulifika pale pale. Neno hilo husikika kama hekima. Hebu tulipime. Ili mtu aongezewe ruhusa yake baada ya miezi 33, wote wawili hutakiwa kueleza kwamba wanaishi pamoja katika ndoa ya kweli. Ikiwa ndoa imekwisha kufa mioyoni na katika matendo, basi tunayemwambia avumilie tunamwambia pia atie sahihi uongo, mbele ya dola na mbele ya Mungu, kisha akae tena miezi 30 akiulinda uongo huo. Na katika muda huo mwenzake anazo silaha mbili badala ya moja: zamani alisema, "Nitawaambia tumeachana," sasa atasema, "Nitawaambia ulidanganya." Je, hiyo ndiyo subira aliyoisifu Mwenyezi Mungu? Subira ni kusimama katika haki wakati wa taabu. Kuketi katika batili kwa kuwa mlango umefungwa ni jambo jingine, na lina jina jingine.

Nami yapasa niseme kwamba mlango haukufungwa wote, na ujinga wangu ndio ulioufanya uonekane hivyo. Tangu miaka ya 1999 na 2002 sheria ya Uingereza imekubali kwamba aliyeitwa na mwenzi wake, ndoa yake ikavunjika kwa sababu ya kuteswa nyumbani, aweze kuomba ukaazi wa kudumu kwa nafsi yake bila kungoja miaka kutimia. Jambo hilo halikujiletea lenyewe. Wanawake wa Southall Black Sisters, chama kilichoanzishwa London mwaka 1979, walilipigania kwa miaka. Tangu 2012 asiye na chochote hupewa pia miezi 3 ya kuweza kupata msaada wa fedha za umma, ili asilazimike kuchagua kati ya kipigo na njaa wakati akitayarisha ombi lake. Na mateso hayana maana ya kipigo peke yake. Sheria ya mwaka 2021 imetaja waziwazi kumtawala mtu kwa vitisho na kumnyima au kumdhibiti katika mali yake. Aliyenyang'anywa mshahara huku akitishwa na barua ya uhamiaji, hayo aliyotendewa yana jina katika sheria, na mimi nilikuwa nikimsomea habari za subira!

Liko pia lile la kumtelekeza mke alikotoka, nalo twalijua sana sisi watu wa pwani. Mume humwambia mkewe waende nyumbani likizo. Wakifika, hurudi peke yake na pasi ya mkewe imo mkobani mwake. Mke hubaki kwa wazazi wake akionekana kama aliyeachwa kwa kosa fulani. Kwa miaka mingi mtu kama huyo hakuwa na njia, kwa kuwa ombi lilitakiwa lifanywe kutoka ndani ya Uingereza, naye yuko nje. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba kumtenga hivyo ni ubaguzi usio halali, na tangu Januari 2024 kanuni zinamruhusu aombe akiwa huko huko alikoachwa. Kama yuko mtu wa namna hiyo katika mtaa wako, Tanga au Malindi au Unguja, mpelekee habari hii kabla hujamwuliza alikosa nini.

Bado sijafika kwenye swali lililo gumu. Penye mateso kila mtu mwenye moyo huona lililo sawa. Lakini vipi pale ambapo hapakuwa na mateso? Mume hakupiga wala hakutisha. Mapenzi yalikwisha tu, wakaachana kwa heshima, na mmoja wao yuko katika mwaka wa nne na miezi kumi tangu aingie. Kwa njia ya ndoa, kanuni ya miaka 5 haimpi chochote. Miezi miwili zaidi ingempa kila kitu.

Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi huisoma methali hiyo kwa upande wa mwenyeji, kwamba mgeni asikae bure. Lakini ina upande wa pili. Ukikwisha kumpa jembe, si mgeni tena. Amelima. Anawajua majirani, amezika pamoja nao, watoto wake wanasoma shuleni, na wazee aliowaogesha asubuhi wamemwita kwa jina lake. Je, hayo yote ni mali ya yule aliyemfungulia mlango siku ya kwanza? Katika mwambao wetu, Unguja na Mombasa, tangu zamani watu wamejua kwamba ardhi yaweza kuwa ya mmoja na minazi ya mwingine. Mwenye ardhi hakuambiwa kwamba si yake. Lakini akimtaka mwenye minazi aondoke, minazi huhesabiwa. Nami sioni kwa nini tuhesabu minazi tusihesabu miaka ya mtu. Nchi ni ya wenyewe, nao wanayo haki ya kusema ni nani aingie. Ila aliyepanda kwa idhini yao anacho alichokipanda, hata kama aliyemshika mkono kumleta amekwisha mwachilia.

Ziko nchi zilizokaribia kuhesabu hivyo. Katika Ujerumani, ndoa iliyoishiwa pamoja humo kwa miaka 3 humpa mwenzi haki ya makazi yake mwenyewe ndoa ikivunjika, na penye taabu kubwa hata muda huo hautazamwi. Katika Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2004 lasema kwamba mwenzi wa raia wa Umoja aliyehamia nchi nyingine mwanachama hapotezi makazi yake kwa talaka, ikiwa ndoa ilidumu miaka 3 na mmoja katika hiyo ulikuwa katika nchi hiyo. Na kwetu Kenya, Katiba ya 2010 imesema kwamba uraia haupotei kwa ndoa wala kwa kuvunjika kwa ndoa, na mgeni aliyedumu na mwenzi wake raia miaka 7 anastahiki kuandikishwa uraia akiomba.

Usidhani kwamba hilo ni la wanawake peke yao. Mwaka 2015 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya wanaume watatu waliokuwa wakiishi Ireland, wakiwa wameoa raia wa nchi nyingine za Umoja. Wake zao waliondoka Ireland kwanza, ndipo baadaye wakaomba talaka. Mahakama ikasema kwamba haki ya waume ya kubaki ilikwisha siku wake walipoondoka. Talaka ilikuja ikakuta haipo tena. Maana yake ni kwamba mtu aliyekaa miaka katika mji hupoteza makazi au huyahifadhi kwa kutegemea jambo moja: je, mwenzake alikwenda mahakamani kabla ya kwenda uwanja wa ndege? Nimewauliza wanafunzi wangu watafute hekima iliyomo katika tofauti hiyo. Hawajaniletea.

Liko na onyo kwa upande wa pili, nami nalisema kwa uzito ule ule. Palipo na mlango mmoja tu, na mlango huo ni wa aliyeteswa, asiyeteswa hushawishika kusema kwamba aliteswa. Nimesikia ushauri wa namna hiyo ukitolewa kwa sauti ya chini na watu wanaosali. Ewe unayeshauriwa hivyo, jua kwamba unamsingizia mtu uovu asioutenda, na kwamba kila uongo wa namna hiyo humfanya ofisa amwangalie kwa shaka mwanamke ajaye, ambaye kweli alikimbia usiku bila viatu. Sheria iliyo nyembamba kupita kiasi ina sehemu yake katika dhambi hiyo, kwani imewaacha watu wa kweli bila njia ya kusema kweli. Lakini sehemu ya sheria haiipunguzi sehemu yako.

Kwa hiyo ukiniuliza rai yangu ni hii. Nchi na ichunguze ndoa kwa bidii mwanzoni, kama walivyochunguzwa wanawake wa Madina. Ikikwisha kuridhika, ruhusa iwe ya mtu mwenyewe. Ndoa ikivunjika mapema, apewe muda usiopungua eda, na kwa haki uwe mrefu kuliko eda, wa kujipanga na kujieleza kwa jina lake. Ikivunjika baada ya miaka kadhaa ya kuishi na kufanya kazi, miaka hiyo ihesabiwe, wala isifutwe kwa kuwa haikutimia. Mkataba wa Istanbul wa nchi za Ulaya, katika ibara yake ya 59, umezitaka serikali ziwape ruhusa yao wenyewe wale wanaoteswa na wenzi wao. Uingereza ilipouidhinisha mwaka 2022 iliiweka kando ibara hiyo. Najua basi kwamba rai yangu haitasikilizwa kesho.

Kwa masheikh wenzangu nina neno la mwisho la kazi. Katika Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1999, kutoa ushauri wa uhamiaji bila kuandikishwa ni kosa, hata ukitolewa bure na kwa nia njema. Kwa hiyo msijaribu kuwa mawakili. Jambo lililo juu yetu ni kusikia lile tunaloulizwa, na kumpeleka mtu kwa mshauri aliyeandikishwa siku ile ile, kabla ya kumpa darasa. Siku hizi mtu akinijia na habari ya ndoa yake huuliza kwanza maswali matatu: pasi yako anayo nani, ruhusa yako inakwisha lini, na usiku wa leo utalala wapi. Habari za subira huja baadaye, kama zahitajika.

Yule bibi hakungoja mimi nijifunze hayo. Mwenzake wa kazini, asiye wa dini yetu, ndiye aliyempeleka kwa watu wa kumsaidia. Alipata ile miezi 3, kisha akapata ukaazi kwa jina lake, na bado anawahudumia wazee katika nyumba ile ile. Mwaka jana alimwalika mke wangu kwake, chumba kimoja na jiko. Mimi sikualikwa, wala sikushangaa. Nilimtumia barua ya kuomba radhi, naye alinijibu kwa mistari miwili ya heshima.